Ndoo ya Rangi: Kutoka Palo Alto Hadi Tabaka

Leo seva na hifadhidata zipumzike kidogo. Nataka tuzungumze kuhusu mchezo ambao hata wanaoucheza hawauiti mchezo. Hauna adui, hauna mbio, hauna kufa na kuanza upya. Unapewa picha yenye mistari myeusi, unachagua rangi, unagusa, sehemu inajaa. Basi. Mpwa wangu wa Gredi ya Pili hukaa nao kwenye simu ya mamake mpaka betri iishe, na mtoto akishalala, mamake naye huchukua simu akaendelea pale pale mwenzake alipoachia.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Nyamira nikamtazama akicheza. Picha ilikuwa nyumba yenye theluji juu ya paa, bomba la moshi, na msonobari uliopambwa taa. Akaniuliza ile nyeupe iliyo juu ya mabati ni nini. Nikamwambia ni theluji. Akafikiri kidogo, akauliza kama huwa inavuja ndani.

Tulicheka, lakini swali lingine lilinibakia kichwani usiku ule. Hii mistari ambayo sisi tunaijaza rangi huchorwa na nani? Na ilitufikiaje huku kwenye vilima vya Gusii? Nimesoma kompyuta miaka minne chuoni na sikuwahi kukaa chini nikaifuatilia historia hii. Nimeifuatilia sasa. Ni ndefu kuliko nilivyodhani, na ina hesabu ndani yake, kwa hiyo jipatieni chai.

Tuanze maabara. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kompyuta nyingi hazikuwa na picha kwa maana tunayoijua leo. Skrini zilizoweza kuchora zilichora mistari tu, kama mtu anayevuta kalamu hewani. Ili ujaze eneo kwa rangi unahitaji kitu kingine kabisa: kumbukumbu inayotunza kila nukta ya skrini na rangi yake. Huko Palo Alto, California, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, mhandisi Richard Shoup alijenga mtambo wa aina hiyo na kuuita SuperPaint. Picha yake ilikuwa na nukta 640 kwa 480, na kila nukta iliweza kuchagua kati ya rangi 256. Picha ya kwanza iliyohifadhiwa humo ni ya Aprili 1973. Ni Shoup mwenyewe, na maneno yanayosema kwamba mtambo unafanya kazi, kisha kwenye mabano, kiasi. Kila mtu aliyewahi kumwonyesha mteja programu kabla haijaiva anaijua hali hiyo.

Ukishakuwa na nukta zilizohifadhiwa, swali linalofuata ni la kitoto: mtoto akigusa katikati ya duara, kompyuta ijueje mwisho wa duara ni wapi? Mwaka 1978 Henry Lieberman wa chuo cha MIT alichapisha makala ya kitaalamu ambayo kichwa chake kwa Kiswahili kingekuwa jinsi ya kupaka rangi kitabu cha kupaka rangi. Napenda sana kwamba kichwa hicho kilipita mbele ya maprofesa bila kufutwa. Tatizo lenyewe ni gumu kuliko linavyoonekana, ingawa jibu rahisi zaidi linaingia kwenye mistari michache. Nimeliandika hapa kwa Kiswahili:

mwaga(x, y):
    kama (x, y) iko nje ya picha, rudi
    kama (x, y) si nyeupe, rudi
    paka (x, y)
    mwaga(x+1, y)
    mwaga(x-1, y)
    mwaga(x, y+1)
    mwaga(x, y-1)

Yaani: paka nukta hii, kisha uwaulize majirani zake wanne, kulia, kushoto, chini na juu, nao wafanye vivyo hivyo. Ni kama kumwaga maji kwenye kitalu kilichozungushiwa matuta. Maji hayajui umbo la kitalu. Yanakwenda tu mpaka yagonge tuta.

Nilipewa kazi hii mwaka wa pili chuoni nikaandika karibu hivyo hivyo, nikaijaribu kwenye picha ndogo ya nukta ishirini kwa ishirini, ikakubali. Siku ya kuonyesha nikaweka picha ya ukubwa kamili na programu ikafa mbele ya darasa zima. Sababu ni kwamba 640 mara 480 ni nukta 307,200, na kwa njia hii kila nukta inayopakwa inasubiri majirani zake wamalize kabla yenyewe haijaondoka kwenye foleni. Kumbukumbu iliyotengwa kwa wanaosubiri inajaa upesi. Wanaojua kazi yao hawaendi nukta kwa nukta. Wanajaza mstari mzima wa mlalo kwa mkupuo, kisha wanakagua ulio juu na ulio chini.

Kuna tatizo la pili, na hili mmeliona wote hata kama hamkujua jina lake. Umechora duara jeusi, umelijaza nyekundu, na pembeni kabisa, kati ya nyekundu na nyeusi, pamebaki vijidoa vyeupe kama chunusi. Hii ni kwa sababu mstari laini kwenye skrini hauwi mweusi mtupu. Kingo zake zina kijivu cha kulainisha macho, na kompyuta ikikutana na kijivu inasema hii si nyeupe, nasimama. Mwaka 1979 Alvy Ray Smith alichapisha njia ya kujaza inayozitendea haki nukta hizo za kijivu, kwa kuzipaka kulingana na ukali wa kivuli chake. Smith huyo ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa Pixar. Lakini Paint ya Windows tuliyoikuta sisi haikujisumbua na mambo hayo.

Kutoka hapo mambo yalitoka maabara haraka. MacPaint ya Bill Atkinson ilikuja na kompyuta ya Macintosh mwaka 1984, ikiwa na ile alama ya ndoo iliyoinama inayomwaga, ambayo bado tunaiona kila mahali. Skrini yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe tu, kwa hiyo ndoo ilimwaga ruwaza, yaani vistari, vidoadoa, matofali. Paint ya Microsoft ilikuja na Windows ya kwanza mwaka 1985. Halafu Craig Hickman, mwalimu wa upigaji picha huko Oregon, alimwona mwanawe wa miaka mitatu akihangaika na programu za watu wazima, akamtengenezea yake. Aliitoa bure mwaka 1989 kwa jina la Kid Pix, na kampuni ya Broderbund ikaanza kuiuza mwaka 1991. Humo kufuta picha nzima kulifanywa kwa baruti inayolipuka. Hickman alielewa jambo ambalo wengi wetu tunaounda programu hatulielewi mpaka tupate watoto: kwa mtoto wa miaka mitatu, kuharibu ni nusu ya kazi.

Haya, turudi kwetu.

Katika mji wa Kisii katikati ya miaka ya 2000, mtu alikutana na kompyuta kwa njia mbili. Ya kwanza ni vyuo vidogo vya ghorofani, ambako waliomaliza kidato cha nne walipelekwa kufanya kile kila mzazi Mkenya alichokiita pakeji. Ulisoma Word, ukasoma Excel, ukapewa cheti chenye muhuri. Paint haikuwa kwenye cheti, lakini ndiyo iliyotumika siku ya kwanza, kwa sababu mwalimu alihitaji mahali pa kukufundisha kushika kipanya bila kuharibu kitu. Binamu yangu alifanya pakeji kipindi hicho na mara moja moja alinibeba. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Niliruhusiwa mashine ya mwisho, ile iliyokuwa na kibodi isiyo na herufi kadhaa, nikafungua Paint, nikachora mstari uliozunguka zunguka kama nyuzi zilizochanganyika, kisha nikajaza kila kijishimo kwa rangi yake. Naamini watoto wa dunia nzima waliokutana na Paint walifanya hivyo bila kufundishwa na mtu. Kwa hiyo mchezo wangu wa kwanza wa kupaka rangi niliuchorea mistari mwenyewe. Sikujua kwamba itachukua miaka mingi kurudi hapo.

Njia ya pili ilikuwa saiba. Kumbukeni kwamba kabla ya Julai 2009, waya wa SEACOM ulipowashwa Mombasa, na TEAMS kufuata mwaka huo huo, Kenya yote ilizungumza na dunia kupitia setilaiti. Kwenye saiba niliyoijua mimi ulilipa shilingi moja kwa dakika, na dakika nyingi zilikwisha ukitazama ukurasa ukijishusha taratibu kutoka juu kama pazia. Hapo ndipo Flash ilipokuwa mkombozi, na naomba tukae nayo kidogo kwa sababu vijana wa leo wanaijua kama kitu kilichokuwa na matundu ya usalama tu.

Flash ilianza mwaka 1996 kwa jina la FutureSplash kabla Macromedia haijainunua, kisha Adobe ikainunua Macromedia mwaka 2005. Haikuhifadhi picha kwa nukta. Ilihifadhi maelezo: anza hapa, pinda hivi, malizia pale. Picha ya tembo wa kupaka rangi ingeweza kuwa faili dogo kuliko picha moja ya kamera. Na ndani ya faili hilo sikio lilikuwa umbo lake, mkonga umbo lake, mguu umbo lake. Ukibofya sikio, programu haikutafuta mipaka ya kitu chochote. Ilitoa amri moja tu, setRGB, na sikio likabadilika lote kwa pamoja. Hapakuwa na kuvuja wala chunusi nyeupe pembeni.

Halafu kuna hili ambalo watoto wa saiba tulilijua vizuri kuliko wahandisi: faili likishamaliza kushuka, lilikuwa lako. Mtandao ungeweza kukatika, na ulikatika, tembo akabaki kwenye skrini anapakwa rangi. Mtu mzima wa mashine ya jirani akipiga meza kwa hasira kwamba barua yake ya kazi haijaenda, wewe uko kwenye mguu wa tatu.

Lakini angalieni kilichobadilika. Kwenye Paint ulikuwa na karatasi tupu. Kwenye Flash ulipewa picha. Mchoraji alikuwa mahali fulani Ulaya au Marekani, na alichora anachokijua. Nimepaka rangi ngome za wafalme, watu wa theluji, maboga yenye meno, na sungura anayebeba mayai, jambo ambalo mpaka leo sijaelezwa vizuri. Sikumbuki hata mara moja nikipaka mgomba.

Adobe ilisitisha Flash tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 kichezeshi chake kikaanza kukataa kufungua faili. Maktaba ya Internet Archive ilikuwa imeshaanza mwaka 2020 kuhifadhi baadhi ya kazi hizo na kuzichezesha kwa programu ya Ruffle, na kama una mchezo unaoukumbuka, katafute humo. Nimetafuta tembo wangu. Sijampata.

Simu zilipokuja, mambo yalikwenda mbio. Mwaka 2011 Safaricom iliuza Huawei IDEOS kwa takriban shilingi elfu nane, na kwa watu wengi hiyo ndiyo iliyokuwa Android ya kwanza kuishika. Mwaka 2013 Johanna Basford, mchoraji wa Scotland, alitoa kitabu cha kupaka rangi kwa ajili ya watu wazima kikauzwa kama mandazi, na watengeneza programu wakanusa. Colorfy kutoka Brazil ilitoka mwaka 2015. Baada ya hapo ikaja aina ninayoiona kila siku kwenye matatu ya kwenda Keroka: kupaka kwa namba. Happy Color ndiyo inayojulikana zaidi. Picha imegawanywa vipande, kila kipande kina namba, chini kuna safu ya rangi zenye namba. Unagusa namba 7, unatafuta vipande vyote vya 7.

Wazo si jipya. Dan Robbins, akiwa mfanyakazi wa kampuni ya rangi ya Palmer huko Detroit, alibuni picha za kupaka kwa namba mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwenyewe alisema alilipata kwa kusikia kwamba Leonardo da Vinci aliwapa wanafunzi wake kazi zenye namba. Kilicho kipya ni hesabu ya ndani. Njia moja inayotumika ni kuwa na picha mbili. Ile unayoiona, na nyingine iliyofichwa nyuma ambamo kila kipande kina rangi yake ya kipekee isiyofanana na kingine. Kidole kikigusa, programu inasoma picha iliyofichwa, inapata kitambulisho cha kipande, inalinganisha na namba uliyoshika. Ukikosea, haifanyi kitu. Huwezi kuvuja. Huwezi pia kumpaka tembo kijani.

Sitaki kuwa mzee kabla ya wakati wangu. Dada yangu anasema mchezo huu unamtuliza baada ya siku nzima sokoni na mimi ni nani nimkatalie. Lakini nina manung'uniko mawili. La kwanza ni tangazo la video baada ya kila picha, ambalo kwa mtu anayenunua bando la siku ni sawa na kulipishwa kiingilio kila ukitoka mlangoni. La pili ni kubwa zaidi, nalo ni hili: namba imefukuza jina.

Nieleze. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya kale vya rangi: -eusi, -eupe, -ekundu. Hivi hupatanishwa na nomino, kwa hiyo kiti ni cheusi, mti ni mweusi, nyumba ni nyeusi. Rangi nyingine tumeziokota kwenye vitu: kijani ni jani, kijivu ni majivu, kahawia ni kahawa, manjano ni bizari, zambarau ni lile tunda. Samawati imetoka angani kupitia Kiarabu. Mtoto akijifunza rangi kwa Kiswahili anajifunza dunia iliyo karibu naye. Mtoto wa Gusii ana kazi ya ziada, kwa sababu anatoka nyumbani na Ekegusii, ambako baba ni mama mzazi na baba mzazi ni tata. Fikiria siku ya kwanza anapopewa karatasi ya shuleni yenye mchoro wa mwanamume aliyeandikwa BABA na kuambiwa ampake rangi. Nimeona sketi ikiongezwa. Sasa mtoto huyu akicheza kwa namba mwaka mzima, atakuwa amepaka maelfu ya vipande na hajasikia jina la rangi hata moja, kwa lugha yoyote. Amejifunza kwamba mti ni 4.

Kuna programu moja iliyokwenda upande mwingine, na ndiyo iliyonifanya niandike haya yote. Bill Kendrick wa California alitoa Tux Paint mwaka 2002. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, inafanya kazi kwenye mashine kuukuu. Chini ya skrini kuna pengwini, na kila unapogusa rangi pengwini anaandika jina lake. Katika orodha ya lugha zake, Kiswahili kimo, na msimbo wake ni sw_TZ. Hizo herufi mbili za mwisho si bahati. Miaka hiyo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux, kwa kushirikiana na wenzao wa Sweden, na mradi huo ndio uliotoa OpenOffice ya Kiswahili, Jambo OpenOffice, Desemba 2004. Sisi Wakenya tulikuwa tunapigana kuhusu kama neno ni kompyuta, ngamizi au tarakilishi, na Watanzania walikuwa wanatafsiri. Nasema hili nikiwa nimeinamisha kichwa. Na kutafsiri orodha ya rangi si kazi ndogo kama inavyoonekana, maana lazima kwanza uamue nyeusi ya nini. Pengwini hajui kama umechora kiti au mti. Jibu ni nyeusi, kwa sababu kinachotajwa ni rangi.

Katika Tux Paint kuna picha za kuanzia, kama kitabu cha kupaka rangi. Siri yake ni tabaka mbili. Mistari inakaa kwenye faili la PNG lenye sehemu zilizo wazi, na hilo hulazwa juu kila baada ya pigo la brashi. Ukipitisha brashi juu ya mstari, mstari unarudi. Na mtu yeyote anaweza kuongeza za kwake. Unachora, unahifadhi PNG, unaiweka kwenye folda ya .tuxpaint/starters, imekwisha. Hakuna duka, hakuna kibali, hakuna tangazo.

Kwa hiyo Desemba ile ile, baada ya swali la theluji, nilitoa vipakatalishi viwili vya zamani, nikaweka Linux, nikaketi usiku kuchora. Mkungu wa matoke. Mama mwenye kikapu mgongoni kwenye majani chai. Kiboko wa mawe kama wale wa Tabaka. Asubuhi watoto wa boma zima walikuwa mlangoni. (Umeme nao tunaushukuru. Serikali ilipoanza kugawa vishikwambi kwa darasa la kwanza mwaka 2016, ilibidi nyaya zipelekwe kwanza kwenye shule za vijijini. Mwisho wa vile vishikwambi kila shule ina hadithi yake, lakini nguzo zimebaki.)

Mkungu ulikwenda vizuri. Nao ulipakwa kijani, manjano, na mtoto mmoja akaupaka nyeusi akisema umeoza. Mama wa majani chai alivuja. Nilikuwa nimeacha nafasi ya nukta mbili hivi kwenye kikapu, na mtoto wa kwanza kumwaga kijani alijaza kikapu, shamba, anga na uso wa mama kwa bonyezo moja. Nikaanza kuomba msamaha. Wao walishangilia. Kila mmoja akataka zamu ya kumvujisha mama, na picha nilizozifunga vizuri wakaziona hazina kazi.

Mjomba wangu alikuja Krismasi kutoka Tabaka, kule Mugirango Kusini, ambako amechonga mawe tangu ujana wake. Kwa wasiojua, jiwe la Kisii ni lile laini linaloitwa jiwe la sabuni. Linachimbwa vilimani hapo, linakatwa kwa panga na patasi, na kwa desturi wanaume huchonga na wanawake husugua kwa msasa na maji mpaka linateleza. Sahani na vibakuli vingi mnavyoviona madukani Nairobi hupakwa rangi, kisha hukwaruzwa kwa ncha kali, na jiwe jeupe lililo chini ya rangi ndilo linalotokea kama twiga, nyota, au vistari.

Mjomba alimtazama kiboko wangu kwenye skrini kwa muda. Akauliza kwa nini mistari inakuja kwanza. Nikamwambia ndivyo michezo hii ilivyo, tangu mwanzo. Akasema, "Sisi tunapaka kwanza, ndio tunachora." Kisha akaenda kula.

Nilikaa pale na kikombe cha chai kikapoa. Miaka yote hii ya Lieberman, Smith, ndoo na Flash, na sote tulichukulia kwamba mstari unatangulia rangi, na kwamba anayepaka si anayechora. Tabaka ni mtu mmoja, na mfuatano ni kinyume.

Na Tux Paint inaweza. Picha ya kuanzia inaweza kuwa na faili la pili la nyuma, lenye jina lile lile likiongezewa -back. Ukipaka rangi juu yake linafichika, na raba ikipita, haileti nyeupe tupu, inaleta ile picha ya nyuma. Nilitoka nje nikapiga picha ya bakuli la jiwe ambalo halikuwa limepakwa, sehemu ya ndani yenye mishipa ya pinki. Nikaikata, nikaiita jiwe-back.png, na jiwe.png nikaiacha wazi kabisa, bila mstari hata mmoja. Nikafungua, nikamwaga nyekundu, skrini yote ikawa nyekundu. Nikachukua raba ndogo kuliko zote, nikakwaruza. Jiwe likatokea.

Mpwa wangu ndiye aliyejaribu wa pili. Alimwaga zambarau, akaisoma kwa sauti kwenye maneno ya pengwini, akakwaruza nyumba: mabati, mlango mmoja, mgomba kando. Kisha akamwaga zambarau juu ya vyote akaanza tena.